Pete Ndogo Haizoei Kukunjwa

Wewe Mama Shukuru, jirani yangu, sasa funga mdomo. Umezunguka bombani na sokoni ukitangaza kwamba mjukuu wangu Jenipha ameaibika mbele ya wanafunzi, eti ualimu umemshinda, eti bora arudi nyumbani tulime naye maharage. Soma hapa. Kama miwani yako imevunjika, mwite mwanao akusomee kwa sauti, na dirisha liwe wazi tusikie sote.

Mjukuu wangu ameshinda.

Kasulu, Ijumaa jioni. Kiangazi kimekaza. Vumbi jekundu limepanda hadi kwenye majani ya migomba na upepo wa mlimani unapasua midomo. Magoti yananiuma kwa sababu ya bodaboda, nitaeleza. Lakini nimeketi hapa kizingitini na chai yangu ya maziwa, naandika kwa kidole kimoja, na leo hata aje mkuu wa wilaya sisimami.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni msusi wa nyungo na vikapu. Shule niliiacha darasa la pili, kusoma nikamalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Jenipha ni mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na vidole vyangu vimepinda kwa mianzi ili yeye afike chuo kikuu. Anasomea ualimu, na somo lake ni kemia. Mwaka huu wamempanga kufanya mazoezi ya kufundisha hapa hapa Kasulu, kidato cha tano. Msimamizi hutoka chuoni kwake, anakaa nyuma ya darasa, anatazama na kuandika. Asiporidhika, mtoto anarudia mwaka. Hapo ndipo tulipokuwa tumesimama, kwenye ukingo huo.

Kitu alichotakiwa kufundisha ni pete ndogo. Si pete za kidoleni. Alinieleza akiwa amekaa mkekani, mimi nachana mwanzi.

“Bibi, kaboni ni kitu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Kina mikono minne, na kila mkono unataka kukaa mbali na mwenzake.”

“Kama wake wenza.”

“Ego, ndiyo Bibi. Kama wake wenza.”

Basi hizo kaboni hushikana mikono zikafanya duara, nao huliita pete. Zikiwa sita, zinakaa raha, zinajikunja kidogo kama kiti, hakuna anayemsukuma mwenzake kwa kiwiko. Lakini zikiwa tatu tu! Pembe ni finyu mno. Mikono inalazimishwa kuja karibu, haitaki, inabinuka kwa nje kama upinde wa mshale. Pete imefungwa, ndiyo, lakini ndani yake kuna mkazo, na siku ikipata nafasi inafunguka kwa nguvu. Zikiwa nne, nafuu kidogo, ila hasira bado ipo.

Shule ile haina vile vifaa vya plastiki vya kuonyeshea. Jenipha akaenda kwa fundi seremala, akatobolewa vipande vya mti vya mviringo, matundu yake yametazamana kwa mbali kama mikono ya kaboni inavyotaka. Kisha akachukua fito zangu za mwanzi kuwa ndiyo mikono yenyewe. Pete ya kaboni sita, yaani pete ya sita, ikakaa bila taabu, fito zimenyooka. Pete ya tatu, ile ya kaboni tatu, ilimtoa jasho. Ili ufito uingie kwenye matundu yote mawili ilibidi ubinuke, na ulipobinuka ulilia krii, krii. Akaiweka mezani, akaenda kanisani mazoezi ya kwaya.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Niliitazama ile pete na moyo wangu wa fundi ukakataa. Fito zinasukumana, zinalia, zinataka kutoka. Ukingo wa ungo ni mwanzi uliokunjwa, na mwanzi uliokunjwa bila kufunzwa ni aibu: siku moja mwanamke anapepeta mahindi mbele ya mkwe wake, ukingo unafumuka, mahindi uwanjani, na jina linalotukanwa ni la msusi. Ndiyo maana tunauloweka kwenye maji ya moto, tunaupitisha juu ya makaa, tunaukunja polepole, tunaufunga kamba ya mgomba, tunauacha jua liumalize. Ukifungua, hauondoki. Umejua kwao ni wapi. Wasichana wanaojifunza kwangu wakinipelekea ufito unaorudi nyuma, nawachapa nao mkononi.

Nikamsaidia mjukuu wangu. Nikazitoa fito, nikaziloweka, nikazichoma, nikazikunja, nikazianika juu ya bati. Jioni nikazirudisha kwenye matundu yake. Pete ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikaifunga kwenye kitenge, nikamwambia, “Usiifungue mpaka darasani, vumbi.” Nilitaka aone mwenyewe uzuri wake mbele za watu.

Yaliyotokea darasani Jumatatu ya wiki iliyopita nimesimuliwa. Aliwaambia wanafunzi warudi nyuma. Aliwaambia wakae tayari. Akachomoa upande mmoja wa pete ya tatu, na pete haikufanya chochote. Ufito ulining'inia pale umejikunja vizuri, mpole, kama nyoka aliyelala. Kijana mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, imesinzia!” Darasa likaanguka kwa kicheko. Msimamizi akaandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Alipomaliza akamwambia atarudi mara moja tu, ya mwisho.

Jenipha aliporudi aliiweka pete miguuni pangu.

“Bibi, nani amezigusa fito?”

“Mimi. Nimekusaidia.”

Hakupiga kelele. Alikaa chini na nguo yake ya kazi, kwenye vumbi. Afadhali angepiga kelele.

Mimi si mtu wa kushindwa haraka. Nikamwambia pete inayopigana na fundi wake ni kazi mbaya, muulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Kibondo. Akaniambia taratibu, “Yako ikinyamaza ni nzuri, Bibi. Yangu ikinyamaza imekufa.” Kisha akanieleza jambo ambalo nimekuwa nikilitafuna tangu siku ile. Mwanzi unazoea. Ukiupa maji, moto na siku kadhaa, unasahau kwamba ulikuwa umenyooka. Kaboni haizoei. Uiweke ile pete ndogo kwenye chupa mwaka huu, mwakani, mpaka mjukuu wa mjukuu aje kuifungua, pembe zake zina mkazo ule ule wa siku ya kwanza. Ukiipa moto mkali haitulii. Inafunguka na kugeuka kitu kingine kabisa.

“Hakuna wa kuifunza?”

“Hakuna, Bibi.”

Nimewahi kujua watu wa namna hiyo, lakini kitu cha namna hiyo sikuwahi kukisikia.

Halafu nikauliza swali la mwenye kununua: kina faida gani kitu chenye hasira hivyo? Kimeumbwa cha nini? Jenipha akapangusa macho kwa mkono, na nikaona ualimu umemrudia usoni. Akasema ndani ya penisilini mna pete ya namna hiyo, ya pembe nne: kaboni tatu na nyingine moja inaitwa naitrojeni. Kijidudu cha ugonjwa kinajijengea ukuta kila wakati. Dawa inafika, pete inagusa chombo kinachojenga, inafunguka kwa ule mkazo wake, inang'ang'ania hapo hapo haiachii. Ukuta haujengeki tena. Kijidudu kinapasuka. Pete ingekuwa imetulia, isingejisumbua kufunguka, na kijidudu kingeendelea na ujenzi wake.

“Ni sindano ile ile, Bibi. Ile uliyonisimulia.”

Alikuwa mchanga, homa ya mapafu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilimbeba mpaka hospitali nikiwa nimeshaanza kuwaza nguo ya kumfunikia. Wakamchoma sindano. Siku zikapita akanyonya.

Kumbe aliokolewa na kitu kilichokataa kuzoea.

Na ninyi akina mama mnaonisoma, kabla sijasahau: ile dawa ya unga ya mtoto, mkishaikoroga na maji, tumieni kama mlivyoambiwa na kinachobaki mwageni. Jenipha anasema maji yanaigonga ile pete polepole mpaka inafunguka yenyewe ndani ya chupa, na hapo mnampa mtoto maji matamu tu. Nimewaona mnaoificha juu ya jiko, kwenye joto, mkingoja mtoto mwingine augue. Majina yenu ninayo.

Turudi kwenye pete. Ilibidi mimi, fundi, nifanye kazi mbaya kwa makusudi. Nilichagua mwanzi mkavu wa Muyama, kwetu nilikozaliwa, nikachana upande wa ganda ambao una ukaidi kuliko upande wa ndani. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe kwenye beseni la maji. Nikauchapa kwa wa kushoto. Jenipha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akashika vipande vya mti, nikabinua fito, pete ya kwanza ikafyatuka ikanipiga mdomoni, damu. Ya pili ikapiga sufuria. Tulicheka mpaka jogoo akakimbia. Zilipokubali kukaa zilikuwa zinalia krii, krii, mbaya sana, na Jenipha alizitazama kama mtu anavyotazama harusi.

Leo asubuhi yeye alitangulia shuleni. Nikasema pete mpya nabeba mimi, mapajani, kwa sababu simwamini mtu mwingine. Pascal wa bodaboda akanipakia. Nikamwambia aende polepole, akasema ndiyo Bibi, akaenda kama wanavyokwenda wote. Kwenye tuta la kabla ya soko tukaruka, na kitenge changu kikasema pah! Ufito ukamchapa Pascal sikioni.

“Bibi! Umebeba nini, mtego?”

“Nimebeba kemia! Endesha!”

“Kemia gani inang'ata watu?”

“Inayowang'ata wasiopunguza mwendo!”

Akapunguza. Mpaka tunafika alikuwa anakwepesha hata vijiwe, anageuka kunitazama mapajani kama nimebeba chatu.

Pete mbili zilikuwa zimebaki nzima, hiyo moja imefumuka. Nilikuwa na fito za akiba kwenye kikapu, basi nikaketi chini ya dirisha la darasa nitengeneze. Ufito ukaniponyoka mara mbili. Nilikuwa naogopa, nakiri, na woga kwa umri wangu unashukia mikononi. Jenipha akaja, akapiga magoti, akasema, “Niachie, Bibi.” Nikataka kumwambia si hivyo, binua kwanza halafu sukuma. Nikameza. Nikaweka mikono mgongoni. Akabinua mwenyewe, akasukuma mwenyewe, ikakaa. Nimesuka ukingo wa nyungo usiku na mchana maisha yangu yote, lakini kazi ngumu kuliko zote ni hiyo ya kuweka mikono mgongoni.

Mkuu wa shule akanipa kiti karibu na mlango. Msimamizi alikuwa nyuma, mtu mrefu, koti kwenye joto lile, anapiga miayo.

Jenipha akaanza kwa kutoa pete ipi? Ile yangu! Ile iliyolala! Uso ukaniwaka moto. Nikafikiri, huyu mtoto ananilipiza mbele za watu. Akasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili nisikie, “Hii imetengenezwa na fundi bora kuliko wote Kasulu.” Akachomoa. Kimya. Yule kijana wa wiki iliyopita akaanza kukenua. Jenipha hakumjali. Akatoa pete ya sita, akachomoa. Kimya vilevile, fito zimenyooka, hazina ugomvi na mtu. Akatoa ile mpya ya kaboni tatu, iliyokuwa inalia. Akawaambia wa mbele wainame.

Pah!

Ufito ulipita juu ya vichwa vyao, ukagonga ukuta, ukaangukia karatasi za msimamizi. Mtu mzima aliruka, kalamu huku, miayo kule. Darasa lilipiga yowe ambalo nadhani Mama Shukuru alilisikia akiwa bombani.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipowashika. Hakuwaacha wacheke mpaka waishiwe. Akauliza palepale: pete ya kwanza na hii ya mwisho zote zina pembe tatu, mbona moja imelala na nyingine imeruka? Msichana mmoja mwembamba akasimama, “Mwalimu, hiyo ya kwanza imezoeshwa kwa moto. Hii nyingine haijazoea.” Na kaboni je? Darasa zima, hata yule mkenuaji: “Haizoei!”

Haizoei! Niliitikia na mimi, nikasahau kwamba ni mgeni.

Msimamizi akainua mkono kama mwanafunzi. Akauliza swali, nikaliona ni la kumkamata: kama pete ina mkazo wote huo, mbona haifunguki yenyewe kwenye chupa? Jenipha hakukimbilia kujibu. Akachukua pete nyingine ya kaboni tatu, akaiweka mezani, akarudi nyuma. Tukaitazama. Inalia kidogo, lakini imekaa. Akasema mikono bado imeshikana. Mkazo peke yake hautoshi, lazima aje wa kuigonga: joto, au kitu kingine cha kushikana nacho. Akanitazama pale mlangoni. “Bibi yangu leo asubuhi amepita kwenye tuta na bodaboda. Muulizeni dereva sikio lake likoje.”

Kicheko! Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikaa wima. Baada ya hapo akawachorea ile ya penisilini, pembe nne, na hakuna aliyesinzia wala kukenua.

Tulipotoka nje msimamizi akamwambia, “Hongera, Mwalimu Jenipha. Umefaulu, na umefaulu vizuri.” Wiki iliyopita alimwita “binti”. Mimi hayo nayasikia hata nikiwa mbali. Kisha akanigeukia.

“Shikamoo, Bibi. Ile pete ya kwanza ni wewe?”

“Marahaba. Ni mimi. Na ni kazi nzuri.”

“Ni nzuri kweli,” akasema. “Bila hiyo nisingeelewa ni kitu gani ambacho kaboni haiwezi.”

Sijui kama alinisifu au alinitukana. Nimeamua alinisifu.

Jenipha sijamwambia samahani kwa mdomo. Kwetu mtu mzima hasemi hivyo kwa mtoto, anachinja. Jogoo yule aliyekimbia yuko kwenye sufuria na ndizi, na paja nitampa yeye. Atajua. Alipopita hapa sasa hivi kwenda kuoga alinibonyeza bega akasema, “Bibi, leo nilikuwa na mkazo kuliko pete.” Nikamwambia naona, ulikuwa unalia krii. Akaenda anacheka peke yake bafuni.

Mkuu wa shule anataka pete za kutosha kila meza darasani, za tatu, za nne na za sita, na mwalimu wa kemia wa shule ya jirani amekwishatuma salamu kwamba na yeye anataka.

Basi sikilizeni. Jenipha, kesho ni Jumamosi lakini hulali: alfajiri uwe kwa fundi seremala, atoboe vipande vipya, na usimame pale pale mpaka matundu yakae inavyotakiwa. Ninyi wasichana wangu wa kusuka, njooni na mianzi mikavu, chaneni upande wa ganda, fungeni mitandio vizuri, na macho myakinge fito zisije zikayachapa. Mwaka mzima nimewafundisha kuufunza mwanzi; kesho mtaniletea mwanzi usiojua adabu. Na atakayeloweka hata ufito mmoja arudi kwao.